Majani, Shabu na Majirani: Tuliyojifunza kwa Kuchapa Vitambaa Mombasa

Kila asubuhi, kuanzia Tudor hadi Makupa, kuna mtu anafagia majani ya mkungu uani na kuyachoma. Majani hayo yana tanini nyingi, na tanini ndiyo inayoliwezesha jani kuacha sura yake kwenye pamba. Kwa anayejua kazi, lundo lile ni wino. Lakini mti una mwenyewe, ua lina mwenye kulifagia, na mama anayeuza mahamri kivulini ndiye anayejua majani huanza kuwa mekundu lini. Karakana ndogo ya sanaa ya majani hapa mjini huwategemea watu hawa kabla haijamtegemea mnunuzi. Tunawaandikia wanaotaka kuanza, na wale walioanza wakaona rangi zinapauka na majirani wananuna. Mara nyingi mambo hayo mawili hutokea pamoja, kwa sababu haraka inayoharibu kitambaa ndiyo inayoharibu ujirani.

Kitambaa

Nunua pamba tupu: bafta kwa mitandio, marekani kwa mapazia na mifuko, maradufu kwa foronya za makochi. Maduka ya Mtaa wa Biashara yana vyote vitatu, ila kinachoitwa pamba dukani si lazima kiwe pamba. Vuta nyuzi chache ukingoni uzichome kwa kiberiti. Pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka, ikajikunja na kuwa donge jeusi gumu, na moshi wake ni wa plastiki. Kitambaa chenye polista nyingi kitachapika hafifu, kisha kikifuliwa mara chache kitarudi kilivyokuwa.

Kipime kwa mizani kikiwa kikavu na uandike uzito wake kwenye daftari, kwa kuwa vipimo vyote vinavyofuata huhesabiwa kwa uzito huo. Kitambaa kipya kimejaa wanga wa kiwandani na mafuta ya mashine. Kwa kila kilo moja tia gramu 20 za magadi ya kufulia na vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya kipande iliyokwanguliwa, jaza maji hadi kitambaa kigeuke kwa urahisi ndani ya sufuria, uchemshe saa moja na nusu. Maji yatakuwa rangi ya chai. Yamwage, suuza, na ikiwa maji ya pili bado yana rangi, rudia tangu mwanzo. Kupima ni rahisi: dondosha tone moja la maji juu ya kitambaa kikavu. Likinywewa papo hapo, kitambaa ki tayari. Likisita juu, wanga bado upo, na pale uliposalia patatoka baka jeupe katikati ya picha.

Pamba haina urafiki wa asili na rangi za mimea kama ilivyo sufu au hariri. Inataka kuandaliwa mara mbili, kwanza kwa tanini, halafu kwa shabu, dawa ya mawe inayoshikisha rangi. Tanini iliyo rahisi kupatikana Mombasa ni maganda makavu ya komamanga. Chukua gramu 250 kwa kilo ya kitambaa, chemsha saa moja, chuja, kisha loweka kitambaa humo saa mbili au zaidi. Kitatoka na umanjano mwepesi. Kama hutaki umanjano huo, tumia majani makavu ya mpera, ambayo hutoa rangi ya kahawia iliyopauka.

Kisha shabu. Hii huuzwa kwa mawe na wauza viungo na dawa za asili, Marikiti na kwingineko. Kwa kilo ya kitambaa ponda gramu 150, uziyeyushe kwa maji ya moto. Chombo cha pili yeyusha gramu 20 za magadi. Mimina magadi ndani ya shabu kidogo kidogo, huku ukikoroga, kwenye ndoo ambayo haijafika hata nusu, kwa sababu povu hupanda kwa nguvu. Anayemimina kwa pupa hupoteza nusu ya dawa sakafuni. Ongeza maji ya uvuguvugu, zamisha kitambaa, kigeuze mara kwa mara katika saa ya kwanza, halafu kiache usiku kucha. Asubuhi kikamue, ukianike kivulini. Sufuria na ndoo zilizotumika hapa zisirudi jikoni kamwe, hata zikioshwa vipi.

Watu wengi hupuuza hatua hizi mbili kwa kuwa hazionekani. Kitambaa kilichoandaliwa na kisichoandaliwa hufanana siku mikunjo inapofunguliwa baada ya kupikwa. Tofauti huja mteja anapokifua.

Maji

Visima vingi vya kisiwani vimechimbwa kwenye jiwe la matumbawe, kwa hiyo maji yake ni magumu, na mengi yana chumvi. Maji magumu hukataa kutoa povu na hutia rangi ukungu. Maji yenye chuma hugeuza kila kitu kijivu. Kipimo chetu ni chai ya rangi. Chemsha majani yale yale ya chai kwa maji ya kisima na kwa maji ya mfereji, weka gilasi mbili ubavuni. Chai ya kisima ikiwa nyeusi au na utando juu, maji hayo yatumie kuoshea sakafu na ndoo tu. Maji bora kuliko yote ni ya mvua. Wakati wa masika tandika mfereji chini ya paa la mabati, acha mvua ya kwanza ipite na vumbi lake, halafu jaza mapipa.

Nje ya masika utanunua maji ya mkokoteni kwa mitungi ya lita 20, nayo lazima yaingie kwenye bei. Kilo moja ya kitambaa, kuanzia kufua hadi suuzo la mwisho, haiendi chini ya mitungi mitano. Suuzo la mwisho la leo litumike kufulia kitambaa kipya cha kesho. Maji ya shabu yasimwagwe baada ya kutumika mara moja: ongeza nusu ya kipimo cha shabu na magadi uyatumie tena kwa kitambaa cha pili. Yakichoka, tia magadi mpaka yaache kutoa povu, yachanganye na maji mengi, uyamwage ardhini mbali na kisima. Yasielekezwe kwenye mtaro unaoshuka kreki. Kreki ya Tudor ina mikoko, ina kaa, ina vijana wanaovua, na tayari imebeba uchafu mwingi wa mji.

Kupanga, kukunja, kupika

Si kila jani linachapa. Yanayochapa vizuri hapa ni ya mkungu, mpera, mkomamanga, mbono na mkaratusi. Jani la mnazi halitoi kitu. Mwarobaini hutoa kivuli cha kijani ambacho hakidumu. Jani la mkungu lililokomaa likiwa kijani huacha mistari myeusi mizuri likiguswa na maji ya chuma, tutakayoyaeleza hapa chini. Lile jekundu lililoanguka hutoa rangi ya dhahabu iliyoiva. Jani liwe bichi au lililolowekwa, lisiwe limekauka hadi likavunjika.

Epuka kabisa oleanda, ile ya maua ya waridi inayopandwa kwenye nyua nyingi, kwa maana ni sumu. Utomvu wa mnyaa huunguza macho. Majani ya mbono hayana shida kwenye kitambaa, lakini mbegu zake ni sumu kali, kwa hiyo anayeyaleta aache vikonyo vya mbegu mtini, hasa karakana ikiwa na watoto.

Lowesha kitambaa ukikamue mpaka kisidondoshe tone. Hapa ndipo picha nyingi huharibika: maji yakizidi, rangi husafiri, na jani badala ya kuwa na ncha huwa wingu. Kitandike mezani, panga majani upande wa mishipa ukitazama kitambaa, kwa kuwa upande huo ndio unaotoa rangi zaidi. Funika kwa kitambaa kikuukuu cha pamba cha ukubwa ule ule. Leso iliyochoka yafaa sana. Bila kifuniko hicho, jani litachapa upande wa pili wa mkunjo na utapata picha mbili zinazopigana. Anza kukunja juu ya mti mkavu ulionyooka au bomba la chuma cha pua. Bomba la plastiki la maji hulegea kwenye mvuke, mkunjo ukaachia. Kunja kwa nguvu za mikono miwili, watu wawili kama kitambaa ni kipana, kisha funga kwa kamba ya pamba, mzingo kwa mzingo, bila kuacha nafasi ya kidole. Jani lisilogusana na kitambaa sawasawa haliachi kitu.

Ndani ya sufuria kubwa weka mawe matatu, juu yake kipande cha wavu wa chuma, maji yasifike kwenye wavu. Panga mikunjo, funika, na upike kwa mvuke saa mbili tangu mvuke uanze kutoka. Angalia maji kila nusu saa. Sufuria ikikauka, kitambaa cha chini huungua na harufu yake huingia kwenye vyote. Pikia nje penye hewa. Kisha, na hili ni gumu kwa mafundi wapya, usifungue. Acha mikunjo ipoe yenyewe hadi siku ya pili. Ukishafungua, ondoa majani, anika kivulini, kiweke kitambaa wiki nzima kabla ya kukifua kwa mara ya kwanza kwa sabuni laini.

Chuma hutoa rangi nyeusi na kijivu. Misumari yenye kutu, sehemu moja ya siki na mbili za maji, ndani ya chupa iliyofunikwa bila kukazwa, kwa wiki mbili, itakupa maji ya chuma. Vijiko vitatu kwa lita moja ya maji vyatosha kuchovyea majani. Chuma kikizidi, pamba hukakamaa na baada ya miezi huanza kuchanika penyewe, pale pale palipo peusi.

Jambo moja la hapa kwetu ambalo mafunzo ya mtandaoni hayalitaji: ndimu. Weusi wa chuma na tanini hufutwa na asidi. Kitambaa cha meza chenye picha nyeusi, kikiwekewa sinia ya pilau na vipande vya ndimu pembeni, kitapata madoa meupe siku ya kwanza, na mteja atasema amedanganywa. Kwa hiyo vitambaa vya meza tuvichape bila chuma, kwa dhahabu na kahawia. Vyeusi viwe vya ukutani, mapazia na mifuko.

Manjano ya jikoni nayo inashawishi, kwani ni rahisi na inang'aa. Lakini hufifia juani, na ikikutana na sabuni ya kipande hugeuka nyekundu kama kutu. Isiuzwe. Maganda ya vitunguu maji hutoa rangi ya chungwa inayokaribia uzuri huo na inadumu zaidi. Wauza chipsi na mama ntilie watakupa gunia zima ukiwaomba kwa adabu na kulifuata kwa wakati. Kabla ya kuuza rangi yoyote mpya, kata vipande viwili. Kimoja kifunike nusu kwa kadibodi na kukiacha dirishani wiki mbili. Kingine kifue mara tano. Kisha amua.

Watu wa majani

Mwenye mti aombwe. Hata kama jani limekwisha kuanguka, hata kama analichoma. Nenda mwenyewe, piga hodi, eleza unalifanyia nini, na mara ya pili nenda na kipande kilichochapwa kwa jani la mti wake. Baada ya hapo utaitwa bila kuuliza. Ua la msikiti, shule au hospitali lina msimamizi, na ruhusa ya mfagiaji si ruhusa.

Wachumaji, mara nyingi vijana au akina mama wa mtaani, walipwe kwa utaratibu unaoeleweka. Ukilipa kwa kilo, utaletewa majani yaliyoloa, yaliyochanika, yaliyoshindiliwa kwenye gunia, kwa kuwa uzito ndio unaonunuliwa. Lipa kwa fungu la majani 50 mazima, yaliyolazwa ndani ya boksi, na useme mapema kuwa lililotoboka halihesabiwi. Agiza idadi, usiseme "leta mengi". Mtu akileta mafungu 12 nawe ulitaka manne, ama utamlipa kwa kitu cha kutupa, ama utamrudisha na uchungu wake. Lipa siku hiyo hiyo, taslimu au kwa simu, hata kama wewe hujalipwa na hoteli. Deni la mchumaji halikai kimya. Mtaa mzima hulijua kabla ya magharibi.

Hivyo hivyo kwa kazi ya ndani. Kukunja kulipwe kwa siku, si kwa kipande, kwa sababu malipo ya kipande huzaa haraka, na haraka huzaa mkunjo uliolegea. Kupinda ukingo kwa cherehani kunaweza kulipwa kwa kipande bila hasara, maana ubaya wa mshono unaonekana papo hapo na kurekebishwa. Fundi wa cherehani wa mtaani ni mshirika mwema kuliko mashine yako mwenyewe, hasa mwanzoni. Mashine inakaa bure siku tatu kwa wiki. Fundi unamlipa kwa kazi iliyopo.

Moshi na mvuke ndivyo huanzisha ugomvi. Pika baada ya watu kuanua nguo, si asubuhi ya kufua. Ijumaa simamisha kazi kabla ya adhuhuri. Mwezi wa Ramadhani sogeza kukunja kuwa asubuhi na kupika kuwa baada ya tarawehe, na usiwape waliofunga kazi ya kusimama kwenye mvuke alasiri.

Bei

Wengi huhesabu kitambaa na shabu, wakaongeza kidogo, wakaita faida. Tufanye hesabu ya mfano kwa kitambaa cha meza. Tuseme kitambaa ni shilingi 500, shabu na maganda 60, maji na makaa 140, majani 100, saa za kazi 300, fundi 150, kifungashio 50. Jumla 1,300. Sasa tuseme katika kumi viwili hutoka na kasoro. Gharama ya vyote kumi, shilingi 13,000, inabebwa na vinane, kwa hiyo kila kizuri kimekugharimu 1,625. Ukikiweka duka la hoteli kwa 2,500 na wao wakakata asilimia 35, unabaki na 1,625 kamili. Umefanya kazi, umelipa watu, na kodi ya chumba hujaigusa. Kwa kukata huko huko, bei ya 3,200 inakuachia 2,080, yaani 455 za kodi ya chumba, kibali na mapato yako.

Ndiyo maana tunapendelea duka linalonunua moja kwa moja hata kwa bei ya chini kidogo kuliko mali kauli, yaani kuacha vitambaa dukani na kulipwa vikishauzwa. Ukikubali mali kauli, andika karatasi: vipande vingapi, bei gani, hesabu inafungwa tarehe gani ya mwezi, na nani anabeba hasara kitambaa kikipauka dirishani mwao. Sharti hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloleta maneno. Usimwekee mtu zaidi ya vipande anavyoweza kuuza kwa mwezi mmoja. Na bei ya karakanani isiwe chini ya ile ya dukani, la sivyo mwenye duka ataona unamhujumu, naye atakuwa na haki.

Vile vyenye kasoro visiuzwe kwa nusu bei mlangoni. Huvunja bei ya vizuri. Vikatwe viwe mifuko midogo, vifuniko vya daftari, au kazi ya viraka kwa fundi yule yule.

Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya, na kwa kazi ya namna hii hilo halikuwa hasara. Karatasi ya kaki na kamba ya usumba zinatosha. Kwa zawadi kubwa, pakacha dogo lililosukwa kwa kuti bichi hupendeza na humpa kazi msusi. Lisukwe siku moja au mbili kabla, likanyauke kidogo, lisije likaacha unyevu juu ya kitambaa.

Kilicho haramu kuchukua

Bahari ya Nyali hadi Shanzu ina Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa 1986. Ndani ya mbuga yenyewe hakitolewi kitu, hata kombe tupu. Kombe tupu ni nyumba ya kaa wengine. Magamba ya kasa na matumbawe visiguswe popote. Ni kosa kisheria, na mgeni uliyemuuzia anaweza kukamatwa navyo uwanja wa ndege. Mikoko ni msitu wa serikali, haikatwi bila kibali cha Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS). Ganda la mkandaa hutoa wekundu wa kahawia usio na mfano, lakini mti uliobanduliwa ganda pande zote hufa. Ukilitaka, liwe la boriti zilizokwisha kukatwa kwa kibali, kutoka kwa mjenzi unayemjua. Na kwenye misitu mitakatifu ya Kaya ya Wamijikenda usichukue hata jani lililoanguka. Kaya Kinondo kule Kwale hupokea wageni, na sharti lake ni kutoka bila kitu mkononi.

Mwani uliotupwa ufuoni nje ya hifadhi unaweza kukaushwa kwenye karatasi kwa kadi. Uoshe kwa maji yasiyo na chumvi mara tatu, uelee kwenye sinia, ingiza karatasi nzito chini yake, inua polepole, funika kwa kitambaa na magazeti, kandamiza kwa mawe, badilisha magazeti kila siku. Chumvi ikibaki itavuta unyevu wa hewa yetu, na kadi itakuwa na kuvu ndani ya fremu.

Misimu na darasa

Januari hadi Machi, wakati wa kaskazi, jua ni kali na vitambaa hukauka. Fanya maandalizi ya shabu kwa wingi, uviweke vikavu ndani ya mifuko ya karatasi. Masika ni ya kushona, kukusanya maji na kufundisha, kwani kitambaa chenye unyevu kikikunjwa siku mbili huota kuvu. Julai na Agosti, kisha Desemba, hoteli hujaa. Maagizo ya Idi yafungwe wiki tatu kabla ya mwezi kuandama. Wiki moja ya kukipumzisha kitambaa haipungui, hata mteja akilipa mara mbili.

Darasa la mtaani liwe la bure au la bei ndogo kwa majirani, na la bei kamili kwa wageni, waziwazi, bila kuficha tofauti. Watu wanane kwa meza mbili wanatosha. Watoto wapewe kazi ya kugonga: jani laini kama la kunde au mchicha linalazwa kati ya matabaka mawili ya bafta iliyoandaliwa, linagongwa kwa jiwe laini kuanzia ukingoni kwenda katikati. Inachukua dakika kumi, na furaha yake ni ya papo hapo. Waambiwe ukweli kwamba kijani hicho hufifia baada ya wiki chache. Wazee waalikwe kutaja majani, kwa sababu jani moja huwa na jina lake Mji wa Kale na jingine Rabai, na kadi inayofungwa na kitambaa ikiandikwa majina yote mawili huwa na thamani zaidi. Jina la mzee au la mchumaji liandikwe kwa idhini yake tu, na picha yake vivyo hivyo.

Kuna siku mwanafunzi atafungua karakana yake, pengine mtaa wa pili. Wengi huingia hofu hapo na kuanza kuficha vipimo. Vipimo havifichiki, shabu ni shabu. Kinachosaidia ni kukaa naye mapema mkakubaliana. Nunueni shabu na kitambaa kwa pamoja, kwani gora zima ni nafuu kuliko mita mojamoja. Gawaneni maduka na hoteli, kila mmoja awe na zake. Kila karakana ishike majani yake makuu, mmoja mkungu na mkomamanga, mwingine mbono na mkaratusi, ili mnunuzi aone kazi mbili tofauti na mchumaji awe na milango miwili ya kuuza. Agizo likizidi uwezo wa mmoja, ligawanywe kwa idadi iliyoandikwa, kila mmoja akipokea malipo yake moja kwa moja kutoka kwa mteja, na vipande viwili vya mfano vikatwe kwanza na kulinganishwa mchana, nje, kabla ya mtu yeyote kuanza kukunja.